Sufu, flisi au pamba: uvae nini usiku wa dagaa ziwani

Mvuvi wa dagaa anayetoka Igombe au Kayenze, mialo ya Ziwa Victoria karibu na Mwanza, jioni, mara nyingi amevaa alichonacho: singlendi ya pamba, shati juu yake, sweta la mtumba, na koti la mvua limekunjwa chini ya ubao wa kukalia. Saa nne usiku bado yuko sawa. Ikifika saa tisa anatetemeka, na kunapopambazuka vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba hawezi kufungua fundo la kamba. Nguo alikuwa nazo za kutosha. Kilichomwangusha ni aina ya nyuzi na jinsi zilivyopangwa mwilini. Jambo hili nalipa uzito kwa sababu mtu aliyekufa ganzi mikono ndani ya mtumbwi, usiku, mbali na mwalo, anawaweka hatarini na wenzake.

Wapo watu waliolishughulikia tatizo hili kwa muda mrefu kabla yetu: wawindaji wa nchi za baridi, kama Norwei, Ufini na Kanada. Mwindaji wa huko hupanda mlima akiwa na mzigo, anatoka jasho, halafu anakaa kimya saa nzima au mbili akimsubiri mnyama apite. Huo ndio mwendo wa kazi ya dagaa. Unapiga kasia au kusogeza chombo, taa zinawashwa, mnakaa kusubiri dagaa wakusanyike kwenye mwanga, kisha mnavuta wavu kwa nguvu zote, jasho linatoka, halafu mnakaa tena. Mwili unachemka na kupoa usiku kucha. Wawindaji hao huvaa matabaka matatu: la ndani la kuondoa jasho kwenye ngozi, la kati la kutunza joto, na la juu la kuzuia upepo na maji. La ndani na la kati wengi wao huchagua sufu, yaani manyoya ya kondoo. Je, na sisi tuige? Kwa sehemu kubwa ndiyo, lakini si kila tabaka, na si kwa kila mtu aliye kwenye chombo.

Baridi ya ziwani ina tabia yake

Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya juu hukaa kwenye nyuzi joto 24 hadi 27 karibu mwaka mzima, lakini hewa ya usiku Mwanza, kati ya Juni na Agosti, hushuka hadi 15 au 17. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na miezi hiyo kusi nayo inaongezea nguvu.

Matokeo yake kila mvuvi anayajua kwa mikono yake. Ukiuzamisha mkono kuvuta wavu, maji yana joto, unatamani usiutoe. Ukiutoa, upepo unaupiga, na ndani ya dakika moja mkono umekuwa wa baridi kuliko ulivyokuwa kabla ya kuulowesha. Maji yanayokauka juu ya ngozi yanachukua joto la mwili kwenda nalo: kila lita inayokauka inaondoka na kilokalori 580 hivi. Tena nguo iliyolowa na kugandamana na ngozi inapitisha joto upesi mno, kwa sababu maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa.

Kwa hiyo nyuzi 16 za Mwanza zinaweza kumtetemesha mtu kama baridi ya nchi za mbali. Jasho, maji ya wavu na upepo ndiyo mambo matatu ya kupimia kila nguo hapa chini.

Tabaka la ndani: singlendi ya pamba, jezi, au sufu nyembamba

Pamba ni zao letu. Usukumani watu wamesomeshwa kwa pamba, na kwa jua la mchana hakuna kitambaa kinachoishinda. Lakini usiku ziwani, ikiwa imegusa ngozi, naiweka ya mwisho kabisa. Nyuzi za pamba hunywa maji na kuyashikilia. Ukishavuta wavu wa kwanza singlendi imelowa jasho, na itabaki hivyo mpaka mnarudi mwaloni, imegandamana mgongoni ikinyonya joto. Kuongeza shati la pamba juu yake ni kuongeza hifadhi ya maji. Suruali ya jinzi ni pamba nzito, nayo ina tabia hiyohiyo kwa miguu.

Mpinzani wake wa kwanza yuko tayari ndani ya begi la karibu kila kijana: jezi ya mpira. Jezi ni poliesta. Uzi wa poliesta wenyewe haunywi maji karibu kabisa, haufikishi hata asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo jasho linapita katikati ya nyuzi na kukauka upesi. Ukikaa kusubiri dagaa, jezi inakauka mwilini kwa joto lako mwenyewe ukiwa umefunikwa juu. Kasoro zake ni mbili. Inanuka: siku mbili za jasho na jezi haivumiliki, na mkilala kambini watu sita chumba kimoja hilo si jambo dogo. Pia haina joto lolote ikiwa peke yake. Kazi yake ni kuondoa maji tu.

Mpinzani wa pili ni sufu nyembamba, ile ya kondoo wa merino. Hapa sufu inaonyesha ubora ambao nyuzi nyingine hazina. Inaweza kunywa mvuke wa jasho karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, kwa sababu mvuke unaingia ndani ya uzi na kuuacha uso wake mkavu. Na inapounywa mvuke huo, inatoa joto kidogo. Haliwezi kukupasha kama jiko, ila dakika zile za kwanza baada ya kuvuta wavu, mwili unapoanza kupoa ghafla, msaada wake unaonekana. Harufu nayo hukaa mbali: unaweza kuivaa siku kadhaa mfululizo. Wawindaji huipendea hilo kwa sababu mnyama hunusa. Sisi tutaipendea kwa sababu ya wenzetu wa kambini.

Wengi husema sufu inawasha. Inategemea unene wa uzi. Sufu ya kuvaa kwenye ngozi ina nyuzi za mikroni 17 hadi 19 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Zikifika 30 na kuendelea ndipo zinapochoma. Na huhitaji duka la vifaa vya michezo kuipata. Katika mitumba, tafuta sweta jepesi la ofisini, la shingo ya V, lile ambalo mzungu alilivaa juu ya shati na tai. Baadhi ya masweta hayo ni merino. Muuzaji analiona ni jembamba, halifai kwa baridi, analiweka kwenye rundo la bei ya chini. Wewe livae ndani kabisa, bila singlendi.

Uamuzi wangu: ukilipata sweta hilo, sufu ndiyo ya kwanza. Usipolipata, vaa jezi na usijilaumu, kwa sababu tofauti ya jezi na sufu kwenye tabaka hili ni ndogo kuliko tofauti ya jezi na pamba. Mwenye pesa kidogo asianzie hapa. Avue singlendi, avae jezi, apeleke pesa yake kwenye matabaka yanayofuata.

Tabaka la kati: hapa ndipo uamuzi ulipo

Kwenye tabaka la kati kuna washindani watatu, na wote utawakuta Mlango Mmoja, soko la mitumba la Mwanza, asubuhi moja: sweta la sufu, sweta la akriliki, na jaketi la flisi, lile la kitambaa laini chenye manyoya mafupi kama blanketi la mtoto, mara nyingi lina zipu.

Kinachotunza joto katika nguo yoyote ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Uzi wa sufu umejikunja kiasili, kwa hiyo unatengeneza vyumba vingi vya hewa, na ukiuminya unarudi ulivyokuwa. Akriliki ilitengenezwa kuiga sura hiyo, na ikiwa mpya inaiga vizuri. Baada ya kufuliwa mara nyingi inalala, inatoa vidonge vidogo juu ya kitambaa, na hewa inapungua. Ndiyo maana sweta la akriliki la mtumba huwa zito mkononi lakini mwilini halina joto. Kwa maoni yangu hili ndilo chaguo baya kuliko yote matatu, na ndilo linalonunuliwa zaidi, kwa sababu lina rangi nzuri na machoni linafanana na sufu.

Flisi ni poliesta, ilianza kutengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni nyepesi, haishiki maji, na ikilowa kabisa unaivua, unaikamua kwa nguvu, unaikung'uta, unaivaa tena ikiwa na unyevu kidogo tu. Hilo sufu haiwezi. Sweta zito la sufu likizama majini linakuwa mzigo, na halitakauka usiku huo wala kesho yake asubuhi. Watu husema sufu ina joto hata ikilowa, na maneno hayo yana ukweli ila yanatiwa chumvi: sufu yenye unyevu bado ina joto kuliko pamba yenye unyevu, kwa sababu nyuzi zake hazilali zikashikana na ngozi. Lakini sufu inayochuruzika maji imepoteza sehemu kubwa ya joto lake.

Udhaifu wa flisi ni upepo na moto. Upepo unaipita kana kwamba hujavaa kitu. Bila koti juu yake, flisi ziwani ni ya kukaa nayo bandarini tu. Na moto: poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 hivi, ikanata kwenye ngozi ikiwa ya moto. Sufu haiyeyuki. Huanza kushika moto kwenye nyuzi 570 hadi 600, inaungua polepole, na ukiondoa moto huwa inazimika yenyewe. Siku hizi vyombo vingi vinatumia taa za sola na betri, lakini karabai bado zipo, na jiko la mkaa la kuchemshia chai usiku liko kwenye baadhi ya mitumbwi. Anayekaa karibu na karabai au jiko, kwangu mimi, hana mjadala: avae sufu. Ila petroli ikimwagikia nguo, iwe sufu iwe nini, vua. Hakuna kitambaa kinachokulinda na hilo.

Sasa jinsi ya kuitambua sufu kwenye rundo. Kondoo wetu wa Usukumani na Umasaini wana nywele fupi, hawatoi sufu ya kusokota, kwa hiyo karibu kila sweta la sufu utakaloliona limekuja na belo la mitumba. Anza na lebo, kwenye shingo au mshono wa pembeni. Kulingana na nchi lilikotoka, utasoma "wool", "laine", "lana", "Wolle" au "ull". Zote ni kitu kimoja. Tafuta asilimia: 100 ni bora, 70 au 80 inafaa, 20 achana nayo, hiyo ni akriliki iliyopakwa jina. Ukiona alama ya tonge la uzi lenye mistari iliyopindana, hiyo ni Woolmark, alama iliyoanza mwaka 1964. Kwenye sweta la zamani ni dalili nzuri.

Lebo ikiwa imekatwa, muulize muuzaji kwa upole. "Kaka, naomba nivute uzi mmoja hapa kwenye mshono wa ndani nijaribu." Wengi watakubali, wengine watakuambia, "Jaribu, lakini ukivuta sana umenunua." Sogea mbali na marundo ya nguo, shika uzi kwa ncha ya kibano au kijiti, usogeze kwenye kiberiti. Sufu inajikunja kukimbia moto, inaungua kwa kusita, inatoa harufu ya nywele zilizoungua, na ukiondoa kiberiti inazimika. Kinachobaki ni majivu meusi yanayosagika kwa vidole. Akriliki inawaka kwa nguvu, inayeyuka, na ikipoa inaacha kitone kigumu cheusi kisichosagika. Ukipata harufu ya nywele pamoja na kitone kigumu, ni mchanganyiko.

Kisha liinue sweta juu, ulitazame dhidi ya mwanga. Nondo hula sufu, na matundu yao ni madogo, ya duara, mara nyingi kwapani na kwenye pindo. Tundu moja au mawili unashona. Yakiwa yametapakaa, acha.

Kuna aina moja ya sweta ambayo kila mtu anaikataa na mimi naitafuta: lile lililofuliwa vibaya huko kwao, likasinyaa na kushikana mpaka limekuwa kama zulia jembamba, matundu ya ufumaji hayaonekani tena. Muuzaji anaona limeharibika. Lakini sufu iliyoshikana hivyo inazuia upepo kuliko sweta lolote la kawaida. Waaustria hutengeneza kitambaa cha namna hiyo kwa makusudi, wanakiita loden, na wawindaji wa milima ya Tirol wamekivaa kwa vizazi. Kazi iko kwenye kipimo: sweta la mtu mkubwa likisinyaa linakuwa la mtoto, kwa hiyo tafuta yaliyokuwa makubwa mno tangu mwanzo, ujaribu kuinua mikono yote miwili juu kama unayevuta wavu. Likibana kwapani, liache.

Nichague lipi basi? Kama una koti zuri la juu na wewe ndiye mvutaji wa wavu, unayelowa kila mara, chukua flisi. Utaikamua na kuendelea na kazi. Kama koti lako la juu ni bovu au huna, chukua sufu iliyoshikana. Kama unakaa kwenye mashine, au unaangalia taa, au unasaidia tu wakati wa kuvuta, chukua sufu ya kawaida nzito. Mwenye uwezo wa kununua vyote viwili avae sweta jepesi la sufu na juu yake flisi yenye zipu: zipu inafunguliwa kazi ikianza na kufungwa ikiisha, na nguo mbili nyepesi unazoweza kuvua moja zinakufaa kuliko moja nzito usiyoweza kuivua bila kubaki wazi.

Tabaka la juu: plastiki au parachuti

Koti la mvua la plastiki nzito linazuia kila kitu, upepo na maji, na ndiyo sababu linalowesha. Ukilivaa wakati wa kuvuta wavu, jasho halina pa kutokea. Ukimaliza umelowa kutoka ndani. Ufumbuzi wake ni nidhamu ya vifungo: kabla ya kuvuta, vua au fungua lote, mkikaa kusubiri, vaa na funga hadi shingoni kabla hujaanza kuhisi baridi. Anayengoja mpaka atetemeke ndipo avae, amechelewa.

Jaketi la kitambaa cha parachuti, lile la trakisuti, halizuii mvua kubwa lakini linakata upepo, ni jepesi, na jasho linapata njia. Kwa miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, mvua ikiwa haba, naliona linatosha kwa watu wengi, mradi mvutaji wa wavu awe na aproni ya plastiki kuanzia kifuani hadi magotini. Aproni inazuia maji ya wavu pale yanapomwagikia, na inaacha mgongo upumue. Msimu wa vuli na masika mambo yanabadilika. Usiku upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa, mawingu ya radi yanajengeka juu ya maji na mvua inashuka kwa nguvu. Miezi hiyo plastiki ni lazima iwemo chomboni, hata kama mmetoka mbingu ikiwa safi.

Makoti marefu ya sufu ya mitumba, yale ya kufika magotini, yanavutia kwa uzito na bei. Kwenye mtumbwi usiyavae. Yananasa kwenye wavu, yanakuzuia kuruka upande wa pili haraka, na mtu aliyeanguka majini nalo atapata taabu kubwa kujivuta kurudi ndani. Mlinzi wa usiku Capri Point au Kirumba ndiye anayelihitaji.

Jaketi okozi linavaliwa juu ya yote haya, wala si la kukaliwa. Lijaribu ukiwa umevaa matabaka yako yote, kwa sababu lililokutosha juu ya fulana mchana linaweza kukataa kufungika juu ya sweta na koti usiku. Kwa faida yake nyingine, sponji iliyomo ndani inatunza joto la kifua vizuri sana. Mvuvi anayesema jaketi okozi linamzuia kufanya kazi, mara nyingi amevaa koti la juu nene mno. Apunguze koti, abaki na jaketi.

Kichwa na miguu

Mzula wa sufu au wa flisi, wowote, lakini ufunike masikio. Ni nguo ndogo, ya bei ndogo, na ya kwanza kuvaliwa ukihisi baridi inaanza. Skafu ndefu usiipeleke karibu na mashine, inaweza kunaswa. Kata mkono wa sweta bovu la sufu, uvae shingoni kama bomba.

Miguuni, gambuti zinakinga maji ya chini ya mtumbwi lakini ukianguka zinajaa. Nunua zilizozidi mguu saizi moja ili uweze kuzipiga teke zikatoka, na ndani yake vaa soksi nzito za sufu zijaze nafasi. Wanaofanya kazi miguu mitupu wafunge jozi moja ya soksi kavu kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya kipindi cha kusubiri.

Kufua na kutunza

Flisi na jezi hazina shida: maji yoyote, sabuni yoyote, kamba yoyote, ila mbali na pasi. Sufu inahitaji mkono wa mtu anayejua. Maji ya baridi, sabuni kidogo isiyo kali, na usisugue: unaizamisha, unaiminya taratibu, unasuuza. Maji ya moto pamoja na kusugua ndiyo yanayoishikanisha na kuisinyaza. Soda ya kufulia na jiki hazifai kabisa, zinakula uzi wenyewe. Usiitundike ikiwa imelowa, itarefuka. Itandaze juu ya mkeka kivulini. Itachukua siku nzima au zaidi, kwa hiyo kazi hii ifanyike wakati wa mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa vizuri na chombo kimepumzika, usiku wa giza ukirudi iwe kavu. Kwa kuwa hainuki haraka, kati ya mbalamwezi na mbalamwezi inatosha kuianika upepo mchana. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, ikiwa safi na kavu, nondo wasiifikie. Ndoo hiyohiyo ingie nayo chomboni, ikiwa na nguo moja kavu ya kubadilisha kwa yeyote atakayelowa chapachapa.

Ununue nini kwanza

Kijana anayeanza kazi ya kuvuta wavu, mfukoni ana pesa ya nguo moja: anunue jaketi la parachuti, kwa sababu jezi na sweta la namna fulani anavyo tayari, na kinachomuumiza zaidi ni upepo. Kipindi cha giza kinachofuata anunue flisi, na kinachofuata aproni.

Anayeshika mashine hatoki jasho jingi, amekaa nyuma upepo ukimpiga usoni safari nzima. Huyu aanze na sweta zito la sufu, kisha plastiki juu yake. Mwangalizi wa taa, sufu ndani na sufu katikati.

Tajiri mwenye chombo, ambaye hushinda nchi kavu, nina ombi kwake: ukinunua mafuta na betri, nunua na makoti ya mvua ya chombo, moja kwa kila mtu, yakae chomboni kama yanavyokaa maboya. Kikosi chenye joto kinavuta wavu wa mwisho wa alfajiri kwa nguvu, na mara nyingi huo ndio wenye dagaa.

Mama anayepanda meli ya usiku kwenda kuchukua mzigo visiwani, au anayevuka alfajiri kuelekea Kirumba Mwaloni na magunia yake, halowi na havuti kitu. Kwake flisi na khanga mbili havitoshi ukikaa juu, penye upepo. Sweta moja la sufu chini ya jaketi la parachuti linamfikisha akiwa sawa, na likisinyaa kwa kufuliwa vibaya, asilitupe. Ampe mvuvi.